Simu imeumuka: mama wa chapati na betri aliyolala nayo miezi minne

Mi ni fundi simu, meza yangu iko huku Temeke huu ni mwaka wa saba, na hiki kisa ni cha mteja wangu mmoja, mama wa makamo anauza supu na chapati hatua chache tu kutoka nilipo. Ameniruhusu nikisimulie, jina lake naliacha.

Alikuja mwezi wa pili, lile joto la Dar ambalo hata feni inakupulizia upepo wa moto, saa tano asubuhi hivi, supu imeshaisha na mikono bado ina unga. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hebu niangalizie hii simu, imeumuka. Neno lake ndo hilo, imeumuka, neno la unga, na mpaka leo sijapata neno linalofaa zaidi ya hilo kwa kile nilichokiona. Simu ilikuwa imefungwa na mipira miwili ile ya kufungia noti, mmoja karibu na kamera na mwingine chini karibu na mlango wa chaji, mfuniko wa nyuma umeachana na fremu upande mmoja kiasi kwamba ukucha unaingia wote. Kwenye kioo katikati kulikuwa na doa rangi ya chai ya maziwa, ukigusa pembeni doa linatembea. Nilipotoa mipira mfuniko ukanyanyuka wenyewe polepole, kama kitambaa juu ya beseni la unga wa maandazi.

Nikamuuliza iko hivi tangu lini. Mwezi wa kumi. Yani miezi minne ile simu inachajiwa kila usiku, inalaliwa kila usiku, na mchana inakaa kwenye mfuko wa aproni mbele ya jiko la mkaa.

Kabla sijaenda mbele niseme kilichokuwa kinatokea ndani, maana watu wengi wanadhani betri kuvimba ni kama gurudumu kujaa upepo, kitu cha umbo tu. Betri za simu za siku hizi ni za lithiamu, ndani ni karatasi ndefu za madini zimekunjwa au kupangwa tabaka juu ya tabaka, tabaka la chanya na la hasi, katikati yake kuna utando mwembamba kuliko unywele wako, na vyote vimelowa kimiminika ambacho kinashika moto. Vyote hivyo vimo kwenye mfuko wa foili laini. Betri ikizeeka, au ikikaa kwenye joto muda mrefu huku imejaa asilimia mia, kile kimiminika kinaanza kuoza na kutoa gesi, na kwa kuwa mfuko umezibwa kila upande gesi haina pa kutokea, basi mfuko unajaa. Kwa hiyo ukiona betri imevimba ujue ndani imeshaharibika, na hakuna namna ya kuirudisha, hata ukiiweka kwenye friji kama wengine wanavyofanya, hairudi.

Sasa ule utando mwembamba ndo unaoamua kama utalala salama. Ukitoboka au ukikandamizwa mpaka chanya na hasi zikagusana, umeme wote uliomo unageuka joto kwa sekunde chache, joto linachochea sehemu ya jirani nayo inawaka, na inaendelea hivyo mpaka iishe. Moshi wake ni sumu. Ndo maana ile mipira miwili ilinitia baridi kuliko hata ule uvimbe wenyewe, maana mama alikuwa anaibana betri iliyooza ili mfuniko ukae.

Alafu kuna jambo lingine. Mwezi wa kumi na mbili alishaipeleka kwa fundi mmoja, huyo simtaji, akamwambia hiyo ni gesi tu mama, ngoja niitoboe kwa sindano itoke niizibe na gundi, elfu tatu. Mama alikataa. Hakujua habari ya betri, alikataa kwa sababu fundi alitaka simu ibaki pale mpaka jioni. Kila nikikumbuka hilo naumia, maana kilichomwokoa ni bahati tu. Sindano inapita kwenye mfuko, inapita kwenye utando, inaunganisha tabaka zote kwa pamoja, na upepo wenye unyevu unaingia ndani. Mafundi wenzangu, najua wapo wanaofanya hivi na hawajaungua, naomba waache, kwa sababu ile mara moja itakayowaka itawakuta uso uko sentimita ishirini kutoka kwenye betri.

Kwa nini ilivimba, hapa ndo nilikaa nayo muda mrefu. Mama mwenyewe alikuwa na jibu lake, chaja. Chaja ya elfu tatu aliyonunua kwa machinga. Nikaitazama, ni nyepesi kama kiberiti, imeandikwa ampea 2, nikaichomeka kwenye kipimo changu ikatoa chini ya ampea moja na volti zinapanda zinashuka. Chaja mbovu kweli. Lakini kusema haki sio yenyewe iliyovimbisha betri, kwa sababu kiasi cha umeme unaoingia kwenye betri kinaamuliwa na sakiti iliyomo kwenye simu, chaja inaleta tu volti 5 mlangoni na simu inachukua inachotaka. Ubaya wa chaja za namna hii uko kwingine, kule soketini kuna volti 230 na ndani ya chaja rahisi sehemu ya umeme mkubwa na sehemu ya umeme wa simu zimekaribiana mno, ndo ile unashika simu inachaji unasikia inakutekenya vidole au kioo kinajibonyeza chenyewe. Ikitokea hivyo chomoa, usisubiri. Mama alisema ndiyo, ilikuwa inamtekenya, hasa akiwa pekupeku sakafuni. Ile chaja nilimwomba aniachie nikaikata waya mbele yake.

Mkosaji mkubwa alikuwa betri yenyewe. Mwaka juzi betri iliyokuja na simu ilichoka, akabadilishiwa sehemu kwa shilingi elfu 12. Nilipofungua nikaona imeandikwa ujazo wa mAh 5000 na nembo ya kampuni imekaa vizuri tu, ila mkononi ni nyepesi kuliko ile ya kiwandani na ule mkanda wa njano wa juu umebandikwa upande. Ni kopi. Betri nzuri ina kisakiti kidogo pale kwenye mkanda, kinakata chaji ikizidi na kinakata matumizi ikishuka mno, na ina kipima joto kinachoiambia simu mi nimepata moto, punguza. Kwenye kopi nyingine hicho kipima joto hawaweki, wanaweka risista ya kudumu, kijidude cha umeme chenye kipimo kisichobadilika, ambayo inaidanganya simu kwamba joto ni lilelile siku zote. Hii ya mama ilikuwa hivyo. Nililijua kabla hata ya kufungua, kwa sababu simu yake ni ya zamani kidogo bado inakubali kupiga *#*#4636#*#* ukaona taarifa za betri, joto likaandika nyuzi 25. Simu niliyoishika ni ya moto kama chapati iliyotoka kwenye chuma, yenyewe inaandika 25. Tukakaa nayo dakika kumi, 25. Yani ile miezi yote amesimama nayo mbele ya mkaa, simu haikuwahi kumwonya, maana hata yenyewe ilikuwa haijui.

Watengenezaji wengi wanaandika kwenye karatasi ya simu kwamba itumike mahali penye joto kati ya 0 na 35. Dar mwezi wa pili kivulini tu ushakaribia hapo, sasa weka jiko, weka mfuko wa aproni, weka kava nene la mpira. Usiku nako hakuna nafuu, simu chini ya mto, imechomekwa kwenye ekstensheni toka saa tatu mpaka saa kumi alfajiri alamu inapolia ili akande unga. Imejaa saa sita usiku, masaa manne yanayobaki iko mia kwa mia kwenye joto la godoro. Lithiamu haipendi vitu viwili vikikutana, kujaa na joto, na huyu mama bila kujua alikuwa anaikutanisha navyo kila siku ya Mungu.

Alinikatiza hapa akaniambia lakini simu yangu si feki, walivyozima zile feki mimi yangu haikuzimwa. Kwamba simu si feki ni kweli. Wakati ule TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inazima simu feki, Juni 2016, watu tulijifunza kupiga *#06# na kutuma IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090, na ile hofu ilifanya kazi nzuri. Hii simu yake ya sasa alinunua baadae lakini alihakiki vilevile, na mi nikahakiki tena, ni halali. Ila IMEI inakwambia habari ya simu, betri haina IMEI. Simu orijino inaweza kubeba betri kopi miaka na hakuna meseji itakayokwambia.

Na wala tusidhani betri za kampuni ni malaika. Agosti 2016 Samsung walitoa Galaxy Note 7, Septemba wakaanza kuzirudisha, kama milioni 2.5, kwa sababu zilikuwa zinawaka, wakawapa watu nyingine zenye betri ya msambazaji mwingine na hizo nazo zikawaka, Oktoba wakaacha kabisa kuitengeneza. Januari 2017 wakaeleza, betri za kwanza kona ya juu zilikuwa zimebanwa nafasi mpaka tabaka za ndani zikapinda, za pili kulikuwa na vijichongo vya uchomeleaji vinatoboa utando. Kona imebanwa, jamani, kona tu! Kampuni yenye maabara zote hizo. Na sisi tunafunga mipira.

Tukirudi kwa mama, kulikuwa na kitu hakinikai sawa. Huyu si mtu mzembe, ni mama ambaye sufuria zake unajiona uso, anahesabu chapati kabla ya kulala. Mtu kama huyu anakaaje miezi minne na kitu anachokiona kinavimba. Nikamuuliza taratibu, na jibu lake ndo sababu ya mimi kuandika yote haya.

Akasema mwanangu, pesa yangu yote iko humo.

Nikaelewa. Wateja wanamlipa kwa simu, muuza nyama analipwa kwa simu, kikoba anachangia kwa simu. Kila akifikiria kumwachia fundi hata masaa mawili anaona kama anaacha pochi wazi mezani kwa mtu. Alafu akaongeza kwa sauti ya chini, na namba ya siri nimeiandika humo. Wapi? Kwenye majina, nimeandika Fundi Bomba. Nikafungua majina kweli nikakuta Fundi Bomba mwenye namba ya tarakimu nne. Hakuna fundi bomba duniani mwenye namba ya tarakimu nne, mtu yeyote anayeshika simu za watu kila siku anajua hiyo ni nini, na kuna Mjomba Siri na kuna Dada Benki, wote tunawakuta. Nilimwambia mama, wewe na kila mtu mmeficha sehemu moja.

Nikamweka kwenye benchi, nikamweleza jambo ambalo nilidhani kila mtu analijua na kumbe sivyo. Pesa haimo kwenye simu. Pesa iko kwenye akaunti kule kwa mtandao, na kinachokuunganisha nayo ni laini pamoja na namba ya siri. Hiyo smatifoni ni dirisha tu. Ukitoa laini ukaiweka kwenye kitochi cha batani, ukapiga menyu ileile, *150*00# kama ni M-Pesa, salio lako liko palepale, meseji za wateja zinaingia palepale. Alinitazama kama namdanganya. Nina kitochi kilichopasuka kioo nakitumia kupima laini, nikachomoa laini yake mbele ya macho yake, nikachomeka, nikampa apige mwenyewe nikageuka upande mwingine. Akaangalia salio. Akaangalia tena. Akasema, kwa hiyo ningeweza kuiacha tangu mwezi wa kumi? Nikamwambia ndiyo mama. Akanyamaza muda mrefu kidogo.

Hapo hapo akabadilisha namba ya siri, akafuta Fundi Bomba, na namba mpya aliiweka kichwani, akasema atatumia hesabu anayoijua yeye ya unga na mafuta, sikuuliza zaidi. Nikamwambia pia aweke PIN kwenye laini yenyewe, kwa sababu mwizi hahitaji simu yako, anachomoa laini anaiweka kwake, meseji za uthibitisho zinaingia kwake. Ila ukiweka uikumbuke, ukikosea mara tatu inadai PUK, namba ya kuifungulia laini, na PUK iko kwenye ile kadi uliyonunulia laini au utaomba kwa mtandao wako.

Sasa kuitoa. Betri iliyovimba haitolewi kwa haraka na haitolewi na yeyote, nasema nilivyofanya ili ujue fundi wako anatakiwa afanye nini, wewe nyumbani usiguse. Simu niliiweka juu ya kigae cha sakafuni nje ya kibanda, ndoo ya mchanga mkavu pembeni. Chaji ilikuwa asilimia 64, na betri iliyojaa ina nguvu nyingi ya kuwaka kuliko iliyoshuka, kwa hiyo tukaiacha imewasha mwanga wa kioo ikihamisha majina na picha kwenda kwenye simu ya binti yake kwa Bluetooth, mi nimekaa naitazama mkono mbali. Picha zilikuwa nyingi, ikachukua zaidi ya saa, na nyingine nikaziacha tukamalizia siku ya pili, mpaka chaji ikabaki asilimia 20 hivi. Usiku ule simu ililala imezimwa ndani ya sufuria kuukuu juu ya saruji, haikulala ndani. Mama akaondoka na laini yake kwenye kitochi.

Kwa kawaida tunatumia bloa, ile inayopuliza hewa ya moto, kulainisha gundi, kwenye betri iliyovimba bloa hapana, joto ndo adui. Mfuniko ulikuwa umeshajifungua. Nikachomoa kiunganishi cha betri kwanza, alafu matone machache ya spiriti kwenye kingo gundi ilainike, nikasubiri, nikapitisha kadi ya plastiki chini yake sehemu ndogo ndogo, bila bisibisi na bila wembe. Dakika arobaini kwa kazi ambayo siku nyingine ni dakika tano. Ilipotoka ilikuwa laini katikati kama mto wa mtoto, ukiisogeza unaona foili inang'aa na mikunjo pembeni. Ikaenda kwenye mchanga.

Kioo kilipona, lile doa likaisha lilipotoka shinikizo. Betri mpya ilimgharimu elfu 35, na nililazimika kumweleza kwa nini sio elfu 12. Nilimwonyesha joto kwenye menyu ileile, 31, akaishika kwa viganja vyote viwili tukasubiri, 32, 33. Akatabasamu. Sasa inajua, akasema.

Mpangilio wake mpya tuliupanga wote wawili kwa maisha yake yalivyo, maana kumwambia mama ntilie usiweke simu karibu na jiko ni maneno matupu kama hujampa pa kuiweka. Simu inakaa kwenye kikopo cha bati kilichopigiliwa kwenye nguzo upande wa wateja, sauti imeongezwa, meseji ikiingia anaisikia. Anachaji jioni akiwa anaandaa mboga, juu ya meza, bila kava, akiiona imefika tisini anachomoa. Alamu ya saa kumi inalia kwenye kitochi alichonunua, na hicho ndicho kinakaa karibu na kitanda, kwenye kigoda, si kwenye mto.

Na nilimfundisha kipimo kimoja cha nyumbani, weka simu bila kava juu ya meza iliyonyooka, isukume kidogo kwa kidole pembeni. Kama mgongo wa simu ni wa bapa, nzima inasita na kusimama. Ikizunguka kama pia, tumbo limeanza. Ukiona hivyo zima, usichaji tena, usiibonyeze irudi, iweke mbali na godoro na pazia, ukiipeleka kwa fundi ibebe mkononi au kwenye mkoba, isikae mfuko wa nyuma wa suruali. Na ikianza kutoa harufu tamu kali kama ya rangi ya kucha au ikatoa mlio wa kufuka, toa watu kwanza. Kama umeme umechomolewa na unaweza kusimama mbali na moshi, maji mengi yanaipoza, lakini watu kwanza.

Betri za namna ile situpi kwenye jalala, jalala la mtaa wetu linachomwa moto kila Jumamosi na watoto wanalizunguka. Ninazo kumi na moja kwenye ndoo nje, kila baada ya miezi kadhaa nazipeleka kwa wanaokusanya taka za umeme mjini.

Wiki mbili baadae mama alirudi na simu ya binti yake, ile ile tuliyohamishia picha, imebanwa kwenye kava la maua. Kabla hajasema kitu akachomoa laini akaifunga kwenye kona ya khanga, akavua kava, akaiweka juu ya kioo cha meza yangu, akaisukuma kwa kidole chenye unga.

Ikazunguka.